Tamko la Wauguzi na Wakunga wa Kigamboni Kuhusu Maandalizi ya Muuguzi wa Zahanati



Sisi wanachama wa chama cha wauguzi na wakunga tunaofanya kazi katika zahanati, vituo vya afya na hospitali zilizomo Manispaa ya Kigamboni tunatoa tamko hili kuelekea Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei. Kwa desturi siku hiyo huwa ya maandamano, mishumaa, kiapo na risala ya kuomba nyongeza ya mishahara. Mishahara tutaizungumzia siku nyingine, na hatutaisahau. Leo tuna jambo moja. Muuguzi anayepangiwa zahanati ya kijijini ameandaliwa kwa ajili ya wodi, wakati kazi inayomsubiri kwa sehemu kubwa iko nje ya jengo lake: majumbani, shuleni, pwani kwa wavuvi, kwenye mikutano ya mtaa. Anajifunza kazi hiyo akiwa kazini, na gharama ya kujifunza kwake wanailipa mama na watoto.

Wapo watakaouliza, Dar es Salaam nako kuna vijijini? Kwenye makaratasi hakuna. Kigamboni ni manispaa, iko ndani ya jiji kubwa kuliko yote nchini, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016 mtu anatoka Kurasini hadi Kibada bila kusubiri pantoni. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 317,902, wachache kuliko wilaya nyingine zote nne za mkoa huu. Lakini watu hao wametawanyika mno. Kata za Kigamboni, Tungi na Vijibweni ni mji wa kawaida, wenye foleni zake na maduka yake ya dawa kila kona. Ukishika njia ya kusini, ukaipita Mjimwema na Gezaulole kuelekea Kimbiji na Pembamnazi, nyumba zinaachana, minazi na mikorosho inashika nafasi, na usafiri wa uhakika unabaki bodaboda. Masika yakichachamaa, hata bodaboda anakataa safari au anataja bei ambayo mkulima wa mihogo hawezi kuigusa. Mtumishi wa huko akiomba ahesabiwe kuwa yuko kwenye mazingira magumu, jibu la kwanza analopata ni kicheko: si uko Dar wewe?

Hatulalamikii kicheko hicho. Tunakitaja kwa sababu kinaeleza kwa nini Kigamboni ni mahali panapofaa kuanzia mabadiliko tunayoyadai. Vyuo vingi vya uuguzi viko hapa mkoani. Mwanafunzi anayesoma upande wa pili wa maji anaweza kufika kwenye mazingira halisi ya kijiji asubuhi hiyo hiyo, bila kusafirishwa hadi Liwale au Kakonko. Hapelekwi. Anapelekwa kwenye hospitali kubwa, anapanga foleni na wanafunzi wenzake wa vyuo vingine kumzunguka mgonjwa mmoja kitandani, na ikifika zamu yake ya kufunga kidonda, kidonda kimeshafungwa.

Tuchukue mfano wa siku ya kliniki ya watoto. Mizani imening'inizwa kwenye boriti ya baraza, kina mama wamekaa kwenye mabenchi wameshika kadi, na ndani ya boksi la baridi mna chupa za chanjo kati ya barafu. Muuguzi yuko na mhudumu mmoja wa afya. Saa sita mchana anafika mama kutoka Buyuni ya Pembamnazi na mtoto wa miezi tisa anayedaiwa chanjo ya surua na rubela. Chupa moja ya chanjo hiyo ina dozi kumi. Ikishachanganywa na maji yake ina saa sita tu za uhai, kisha kilichobaki kinamwagwa. Watoto wa umri huo waliokuja leo ni yeye peke yake.

Afanyeje? Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu mtoto aliyerudishwa bila chanjo huenda asionekane tena. Lakini muuguzi huyo anajua kwamba dozi tisa atakazomwaga zitaingia kwenye taarifa ya mwezi kama upotevu, kwamba mgao ujao uko mbali, na kwamba wiki ijayo wanaweza kuja watoto wanane akawa hana cha kuwapa. Basi anasema neno ambalo kina mama wa nchi hii wamelisikia mara nyingi: njoo Alhamisi, tukusanye wenzio. Mama analipa nauli ya pili. Au halipi. Miezi mitatu baadaye jina la mtoto linaingia kwenye orodha ya watoro wa chanjo, kana kwamba aliyetoroka ni yeye.

Uamuzi ule hauna ugumu wa kitabibu. Kuchoma sindano ya surua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza. Ugumu uko kwenye kuyaona mambo manne kwa wakati mmoja: mtoto, nauli, akiba ya chanjo na takwimu. Muuguzi aliyelelewa kwenye kazi ya jamii angekuwa ameshaumaliza mgogoro huo wiki moja kabla. Angepitia kitabu cha watoto cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, akatoa majina ya wanaotimiza miezi tisa na kumi na minane mwezi huu, akampa mhudumu wa afya ngazi ya jamii orodha aipitishe kwa wenyeviti wa mitaa, akapanga siku moja ya huduma ya mkoba kule kule Buyuni ili chupa ifunguliwe mbele ya watoto saba badala ya mmoja. Na angeifungua hata kama wangekuja wawili, akajua namna ya kuiandika sababu yake bila hofu. Haya yanafundishika. Hayafundishiki darasani kwa picha za ukutani, wala hayafundishiki kwenye wodi ya upasuaji.

Ni yale yale kwenye uzazi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 ulionyesha vifo vya mama vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Katika kipindi hicho akina mama wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Tunaona fahari, kwa kuwa mikono iliyopokea watoto hao wengi ni yetu. Lakini mama waliobaki nje ya hesabu hiyo ndio walio mbali na ndio wagumu kufikiwa, na wengine wanafika saa nane za usiku wakiwa wameshachelewa.

Usiku wa namna hiyo mkunga wa zahanati yuko peke yake. Oksitosini ya kuzuia damu inatakiwa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na jokofu limezimika tangu jioni kwa sababu umeme umekatika. Anatakiwa ajue kwamba vidonge vya misoprostoli havihitaji baridi, ajue vilipo, na awe amehakikisha tangu mwanzo wa mwezi kwamba vipo. Anatakiwa apige 115, namba ya bure ya M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa kina mama, mapema, mama angali na nguvu, asisubiri hadi damu imtishe. Tena awe ameshakubaliana na dereva wa jamii kwamba njia ya mchanga haipitiki kwa gari dogo. Tumewapokea wakunga vijana hodari sana wa mikono, waliofaulu vizuri, ambao hawajawahi hata mara moja kupiga simu ya rufaa wakiwa masomoni. Hospitali kubwa ndiyo inayopokea rufaa. Haitoi.

Maandalizi hayakuwa hivi siku zote, na wazee wa taaluma wanatukumbusha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio na vikundi vya kusikiliza, ikawafikia watu wazima wapatao milioni mbili, wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Katika muongo huo huo taifa lilifundisha wasaidizi wa afya ya mama na mtoto kwa miezi 18, wakiandaliwa makusudi kwa kazi ya zahanati na kliniki. Baadaye wengi wao waliendelezwa kuwa wauguzi wa afya ya jamii. Elimu yao ilikuwa fupi na mipaka yao ilikuwa mingi, nasi hatuombi kada hiyo irudi kama ilivyokuwa. Muuguzi wa leo mwenye stashahada anajua mengi kuliko wao, na hilo ni jema. Ila wao walijua wanakokwenda. Mafunzo yetu yalipopanda ngazi, cheti kikawa stashahada na stashahada ikawa shahada, mguu mmoja ulibaki wodini na mwingine haukurudi kijijini.

Somo la uuguzi wa afya ya jamii limo kwenye mtaala, hilo tunalikiri. Tatizo ni jinsi linavyotekelezwa. Wanafunzi wanashushwa na basi, kundi zima, kwenye zahanati yenye vyumba vinne. Wanakaa siku chache, wanajaza dodoso la vyoo na vyandarua ambalo majibu yake hakuna anayeyarudisha kwa mwenyekiti wa mtaa, wanapata sahihi kwenye vitabu vyao vya mazoezi, wanaondoka. Kaya zilizohojiwa zimeshachoka. Mzee mmoja wa Kimbiji aliwaambia vijana wetu kwamba choo chake kimehesabiwa mara nyingi kuliko watu wa nyumba yake. Tulicheka, kisha tukaona kwamba hakuwa anatania.

Kuna pia suala la lugha. Masomo ni ya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza. Halafu siku ya kwanza kazini muuguzi anatakiwa akae na bibi wa Pembamnazi, kwa adabu, baada ya salamu za kutosha, amweleze kwa nini mkwewe asisubiri uchungu ukolee nyumbani. Bibi huyo amezalisha wajukuu na amepeleka wali unyagoni. Ndiye mwenye uamuzi ndani ya nyumba ile, kwa hiyo ukimwudhi umempoteza mama. Kuzungumza naye ni ujuzi wa kitaaluma kama ulivyo ujuzi wa kutafuta mshipa, na unahitaji mwalimu, mazoezi na mtihani. Vivyo hivyo kwa wavuvi: mwanamume aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu anaondoka kwenda dago, kambi ya wavuvi, kwa wiki kadhaa, na muuguzi asiyejua kalenda ya bamvua na maji mafu atamwandika kuwa ameacha dawa, wakati angeweza kumpa dozi za safari na namba ya simu ya zahanati iliyo jirani na dago.

Tangu Januari 2024 suala hili la kumwandaa muuguzi kwa kazi ya jamii limepata uzito mpya. Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwafikisha 137,294 nchini katika miaka mitano, wakipewa mafunzo ya miezi sita. Tumeupokea mpango huo kwa mikono miwili. Lakini mhudumu wa jamii anahitaji mtu wa kumsimamia, kumsahihisha na kupokea rufaa zake, na mtu huyo kwa kawaida ni muuguzi wa zahanati. Nani amemfundisha muuguzi kusimamia? Hivi sasa tunamwambia mtu ambaye hajawahi kutembelea kaya aongoze wanaotembelea kaya kila siku. Asipoandaliwa, atawafanya matarishi wa zahanati: wapange foleni, wapime uzito, wafagie. Tumeshaanza kuyaona haya, na yatadumu yasiposemwa mapema.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo, kwa heshima na bila kuzunguka.

Tunaiomba Wizara ya Afya, pamoja na Baraza la Uuguzi na Ukunga na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, iweke sharti kwamba hakuna anayemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga bila kukaa wiki 12 mfululizo kwenye zahanati ya pembezoni katika mwaka wake wa mwisho. Wawili wawili, siyo kundi la basi. Wiki 12 ni muda wa kumwona mtoto mmoja akipata chanjo zake za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, na wa kuona taarifa ya mwezi ikiandaliwa mara tatu na kurudi kutoka manispaa na maswali yake. Ndani ya muda huo mwanafunzi apewe kaya zake na watoro wake wa kuwatafuta. Akiondoka, awe ametoa maelezo yake kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, mbele ya watu wenyewe. Na hapo hapo ndipo afanyiwe mtihani wa vitendo. Kitu kisichotahiniwa wanafunzi hawakisomi. Tulikuwa wanafunzi, tunajua.

Tunajua pia pingamizi litakalotolewa. Zahanati nyingi zina muuguzi mmoja au wawili, na mwanafunzi ni mzigo. Ni kweli kwa wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo wanafunzi wawili wanaosimamiwa vizuri ni mikono minne, na zahanati ambayo haikuweza kutoka kwenda mkoba sasa inaweza. Pamoja na hayo hatutaki msimamizi afanye kazi ya ualimu kwa kushukuriwa tu. Ada ya mazoezi ya vitendo inayolipwa hospitali kubwa ifuate wanafunzi hadi zahanati, na muuguzi anayefundisha apewe mafunzo ya kufundisha, posho, na jina lake litambuliwe na chuo.

Manispaa ya Kigamboni tunaiomba vitu viwili: chumba cha kulala kwa wanafunzi wawili katika zahanati zitakazochaguliwa Kimbiji, Pembamnazi na Kisarawe II, na mafuta ya pikipiki ya mkoba yasiyokatwa kila bajeti inapobana. Nyumba ya mtumishi tunaidai kila mwaka. Safari hii tunaidai kwa hoja mpya, kwamba hata mwalimu na mwanafunzi wataitumia.

Kisha liko suala la nani anaingia chuoni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watumishi wa afya wa vijijini, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwapa nafasi wanafunzi waliozaliwa na kukulia huko, maana ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi na kukaa. Thailand imefanya hivyo kwa miongo kadhaa, ikichukua vijana wa wilayani, ikawasomesha karibu na kwao na kuwarudisha kwao. Sisi tunataka binti wa Tundwi Songani awe muuguzi wa Tundwi Songani. Kuingia chuo cha uuguzi kunadai ufaulu wa baiolojia, kemia na fizikia. Shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia haiwezi kutoa muuguzi, hata tuandike matamko mangapi. Ndiyo maana nakala ya tamko hili tunaipeleka pia kwa Afisa Elimu Sekondari, ingawa tunajua atashangaa kuipokea kutoka kwa manesi.

Kwa waajiri, tunasema waziwazi kwamba kuna wauguzi waliosajiliwa, wenye leseni, wanaojitolea bila mshahara au wanaouza vocha kando ya vituo vyenye upungufu wa wauguzi. Kumwandaa mtu kwa ajili ya kijiji kisha kutomwajiri ni kupoteza kodi ya wananchi mara mbili. Zahanati zitakazopokea wanafunzi zipewe kipaumbele katika ajira zijazo, na nafasi hizo watangulie kupewa waliofanyia mazoezi huko huko.

Nasi tunajifunga. Wanachama wetu wenye uzoefu wa zahanati wako tayari kuwa wasimamizi wa awamu ya kwanza, na majina yao tumeyakabidhi kwa Muuguzi Mkuu wa Manispaa. Tutaandaa kwa Kiswahili mwongozo mfupi wa kazi ya zahanati: orodha ya watoro, safari ya mkoba, rufaa ya usiku, kikao na wazee, usimamizi wa wahudumu wa jamii. Mwongozo utapitiwa na wakunga wazoefu kabla ya kutumika, na chuo chochote kitakachouhitaji kitapewa bure. Chuo kilicho tayari kuanza na wanafunzi wawili tu, hata kabla ya sharti kutungwa, kituandikie kupitia ofisi ya Muuguzi Mkuu. Tunachoomba kutoka kwa chuo hicho ni mkufunzi atakayevuka maji kuja kuwakagua angalau mara moja kila wiki mbili, na asije Ijumaa jioni.

Imetolewa Kigamboni, Dar es Salaam, na uongozi wa chama kwa niaba ya wanachama.